SHAMBA NA NYUMBA: Kitalu cha Nyanya Barazani



Juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo sana, kidogo hata pumzi ya mtoto yaweza kukipeperusha mezani. Ni mbegu ya nyanya, au tomati kama wengi wa Butembo na Beni wanavyoiita. Gramu moja tu ina mbegu zipatazo 300. Katika gramu hiyo mna mboga ya jamaa nzima, na pengine chumvi, sabuni na madaftari ya watoto. Ama hamna kitu, ikiwa twaitupa ardhini ovyo na kuiacha ijitafutie.

Labda mtu atauliza: mbona mwaandika juu ya sanduku la miche, wakati jamaa nyingi zina matata makubwa kuliko hayo? Twaandika kwa sababu ya matata yenyewe. Tangu mwezi wa Oktoba 2014, mauaji ya raia katika eneo la Beni yamewafanya wakulima wengi wayaache mashamba yao. Wengine wamekimbilia mijini, wakapokelewa na ndugu zao. Wengine wangali wanalima, lakini huenda shambani kwa hofu na kurudi mapema. Mtu wa namna hii hawezi kushinda shambani kila siku akilinda vimche visivyozidi urefu wa kidole. Lakini aweza kuvilinda barazani pake. Wiki tano za kwanza za nyanya, ambazo ndizo za hatari kupita zote, aweza kuzihamishia nyumbani, mbele ya macho yake. Hilo ndilo jambo letu la leo.

Kwa nini tusie nyumbani?

Wenzetu wa Ulaya husia nyanya ndani ya nyumba mwezi wa Machi, kwa kuwa usiku wa kwao bado una baridi ya kugandisha maji, na nyanya haiwezi kuistahimili. Wanangoja majira ya joto yafike, ndipo watoe miche nje. Sisi hatuna majira hayo. Mstari wa ikweta wapita kusini kidogo mwa Butembo; mchana wetu na usiku wetu karibu ni sawa mwaka mzima. Basi, je, kuna haja ya kuwaiga?

Haja ipo, ila sababu yetu ni nyingine. Adui wa miche yetu si barafu. Ni mvua ya alasiri inayopiga kama changarawe na kuifukua mbegu. Ni jua la saa saba. Ni kuku wa jirani. Ni udongo wa shamba uliojaa magonjwa ya nyanya za mwaka jana. Sanduku barazani laepa hayo yote. Tena mbegu nzuri zina bei, na anayesia sandukuni hupoteza chache kuliko anayezimwaga shambani.

Njia moja, kalenda mbili

Kutoka Butembo hadi Beni ni mwendo wa kilometa zipatazo 54, lakini msafiri ateremkaye njia hiyo huvua koti kabla ya kufika. Butembo ipo juu, kwenye meta 1,700 na zaidi. Beni ipo chini kwa meta 600 hivi. Kwa desturi tofauti ya namna hiyo huleta digrii 3 au 4 za joto. Mtu huzizoea mara moja, lakini mbegu hazisahau. Beni mbegu zaweza kuchipua siku ya tano au ya sita. Butembo, nyakati za baridi, yawezekana kungoja hata siku kumi. Beni miche huwa tayari kuhamishwa baada ya wiki nne. Butembo hutaka wiki tano au sita.

Tena tukumbuke kwamba nyanya hupenda maji mizizini, wala haipendi maji majanini. Majani yakikaa na umande na mvua siku nyingi, hupatwa na ukungu uitwao bakajani chelewa. Ndio ugonjwa uleule ulioharibu viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, ikaja njaa iliyoua watu wapatao milioni moja. Katika vilima vyetu vya Butembo na Lubero, ambako viazi hulimwa kwa wingi, ugonjwa huo haukosi. Kwa hiyo yafaa tupange matunda yaive wakati mvua zimepungua, yaani Januari na Februari, au Juni na Julai. Wala tusipande nyanya kando ya viazi, kwani ni ndugu wa ukoo mmoja, na ndugu hao huambukizana.

Sasa tuhesabu kwa kurudi nyuma. Mtu wa Butembo akisia tarehe 10 Februari, atahamisha miche karibu na tarehe 20 Machi, naye ataanza kuchuma katikati ya Juni. Akisia tarehe 10 Septemba, atahamisha karibu na tarehe 20 Oktoba na kuchuma katikati ya Januari. Mtu wa Beni aweza kungoja wiki tatu zaidi: asie siku za kwanza za Machi au za kwanza za Oktoba, naye atachuma karibu wakati uleule. Hesabu hizi si amri. Mvua siku hizi hazifuati tarehe kama zamani, na kila kilima kina tabia yake. Lakini mwenye hesabu hujua amechelewa siku ngapi. Asiye na hesabu hata hilo halijui.

Sanduku na udongo wake

Tafuta sanduku la mbao lenye urefu wa sentimeta 50, upana wa 30, na kina cha 10. Kama huna mbao, hata karai lililotoboka lafaa. Likiwa halikutoboka, litoboe kwa msumari, maana maji lazima yapate mlango wa kutokea. Chini weka changarawe kidogo.

Udongo uwe mchanganyiko: sehemu mbili za udongo mweusi ambao haujapandwa nyanya, viazi, pilipili wala biringanya, sehemu moja ya mboji iliyooza kabisa, na sehemu moja ya mchanga wa mtoni. Samadi mbichi usiitie kabisa, kwa kuwa huunguza mizizi michanga. Chekecha mchanganyiko wako, kisha uuive. Ndiyo, twasema kuiva, kama chakula. Utie katika debe pamoja na maji kidogo, ulifunike, uliweke motoni, na katikati ya udongo uzike kiazi kidogo. Kiazi kikiiva, udongo nao umeiva: vijidudu vya magonjwa na mbegu za magugu zimekufa. Acha upoe kabisa, hata siku mbili, ndipo uutumie.

Twawahimiza kazi hii kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kuipuuza. Tulichukua udongo wa bustani kama ulivyo, tukasia mbegu zetu, tukamwagilia asubuhi na jioni kwa bidii kubwa, tukafunika sanduku ili joto lisitoke. Siku ya nane miche ilisimama kama askari. Siku ya kumi na mbili tuliikuta imelala, mashina yake yamekuwa membamba kama uzi pale yanapogusana na udongo. Ndio ugonjwa uitwao kinyausi. Hauna dawa mche ukishaanguka. Hatukukosa bidii; tulikosa kiasi. Tulikuwa tumeiua miche yetu kwa maji na kwa mfuniko.

Kujaribu mbegu na kuisia

Kabla ya kusia, zijaribu mbegu zako. Hesabu mbegu 20, uzifungie katika kitambaa chenye unyevu, uziweke mahali penye joto karibu na jiko. Baada ya siku saba hadi kumi fungua na kuhesabu. Zikichipua 16 au zaidi, mbegu ni njema. Zikichipua 10, jua kwamba itakubidi kusia mara mbili zaidi. Zikichipua tatu, usijidanganye, tafuta nyingine.

Sandukuni chora mistari kwa kijiti, ukivuka upande ule mfupi, mstari hadi mstari sentimeta 5. Sanduku letu litapokea mistari tisa. Weka mbegu moja moja kila sentimeta 2, kina chake kisizidi sentimeta 1. Utapata nafasi 15 kwa kila mstari, yaani mbegu 135, ambazo ni chini ya nusu gramu. Zifunike kwa udongo mwembamba, unyunyize maji kwa kopo lililotobolewa matundu madogo, kisha utandaze jani la mgomba juu.

Hapo ndipo wengi hukosea. Jani la mgomba ni blanketi la mbegu, si blanketi la mche. Kila asubuhi fungua na kuchungulia. Siku utakayoona kichwa cha kwanza kimetokeza, liondoe siku ileile. Mche unaofichwa gizani hurefuka haraka ukitafuta nuru, ukawa mrefu, mweupe na dhaifu, na hauponi tena vizuri.

Kulea miche

Weka sanduku barazani upande wa mawio, lipate jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Miche ikiinamia upande mmoja, geuza sanduku. Usiku wa Butembo ukiwa na baridi kali, liingize ndani; asubuhi lirudishe nje. Kazi hii ni ya watoto, nao huipenda wakikabidhiwa kwa heshima.

Mwagilia asubuhi tu, wala si kila siku kwa mazoea. Tia kidole udongoni: kikitoka na unyevu, ngoja kesho. Jioni usimwagilie, maana miche isilale na majani mabichi.

Tena kabla ya kugusa miche, nawa mikono kwa sabuni. Sisi wa Beni na Butembo somo hilo tulifundishwa kwa uchungu, wakati wa Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuwachukua watu zaidi ya 2,200. Ndoo zenye bomba zilisimama kila mlangoni. Miche nayo ina maradhi yaletwayo na mikono. Mtu aliyeshika tumbaku aweza kuipa nyanya ugonjwa wa virusi wa tumbaku, majani yakawa na madoa ya rangi mbili na kukunjamana. Basi mvutaji asiguse miche kabla ya kunawa.

Majani mawili ya kwanza yatokayo ni laini na marefu. Hayo si majani ya kweli. Baadaye hutoka majani yenye meno na harufu ya nyanya. Yakifika mawili ya namna hii, hamisha kila mche katika kikopo chake. Hakuna haja ya kununua vikopo. Magamba makavu ya mgomba yakikunjwa na kufungwa kwa kamba yake yenyewe hutoa kikopo kizuri, ambacho baadaye kitazikwa pamoja na mche na kuoza shambani. Wakati wa kuhamisha, shika mche kwa jani, kamwe usiushike kwa shina. Jani likivunjika litatoka jingine. Shina ni moja tu.

Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Siku kumi za mwisho, mche nao hutaka kukunjwa. Upunguzie maji, uuache juani saa moja, kesho saa mbili, hata uweze kushinda nje mchana kutwa. Mche uliodekezwa kivulini ukipelekwa shambani kwa ghafula hunyauka siku ya kwanza.

Siku ya kupanda

Panda jioni, au siku ya mawingu. Acha sentimeta 80 kati ya mistari, na 50 kati ya mche na mche. Kwa nafasi hizo, miche 100 yahitaji kiwanja cha meta 8 kwa 5. Asiye na kiwanja hicho asikate tamaa: miche kumi yatosha katika meta nne za mraba nyuma ya nyumba, au katika mifuko ya zamani iliyojazwa udongo mzuri na kutobolewa chini.

Zika shina hata karibu na majani ya kwanza, kwa kuwa sehemu ya shina iliyozikwa huota mizizi mipya. Simamisha mti wa kalitusi au tete siku ileile, ili usije ukajeruhi mizizi baadaye. Tandaza nyasi kavu chini, matone ya mvua yasirushe udongo majanini. Ukiona majani yana vijia vyeupe kama ramani na matunda yana matundu madogo, ni nondo wa nyanya, ambaye nchini Tanzania wamempa jina la kantangaze. Asili yake ni Amerika ya Kusini; aliingia Hispania mwaka 2006 na Afrika ya Kaskazini miaka miwili baadaye. Chuma majani hayo na kuyachoma mapema, kabla hajaenea.

Na mche ukinyauka ghafula ungali kijani, hasa katika joto la Beni, kata shina na ulitumbukize katika glasi ya maji safi. Yakitoka maji meupe kama nyuzi za maziwa, huo ni mnyauko wa bakteria. Ng'oa mche, uuchome, wala usirudishe nyanya mahali hapo kwa miaka kadhaa. Panda mahindi badala yake.

Kuweka akiba

Chagua tunda zuri katika mche uliokuwa na afya tangu mwanzo hata mwisho. Wengi hula matunda mazuri na kuacha mabovu yawe mbegu. Kisha hushangaa kwamba nyanya zao hupungua mwaka hata mwaka. Kamua mbegu katika kikombe pamoja na maji yake, ziache siku mbili au tatu hata ute utoke, zioshe, zianike kivulini juu ya sahani. Zikikauka kabisa, tia katika chupa yenye kifuniko, mahali pasipo joto wala unyevu. Zitadumu miaka mitatu au minne. Lakini mbegu chotara za kopo usizihifadhi hivyo, maana watoto wake hawatafanana na mzazi. Aina za kale kama Roma na Marglobe zaweza kuhifadhiwa.

Nanyi wanafunzi, twawaachia kazi. Chukueni daftari, mwandike tarehe ya kusia, tarehe ya kuchipua, idadi ya miche iliyopona, na siku za mvua. Baada ya misimu miwili mtakuwa na kitabu kinachojua kilima chenu kuliko sisi tunaowaandikia.

Tunamjua mama mmoja ambaye alifika Butembo bila jembe, akapangishiwa chumba nyuma ya nyumba ya watu. Mwenye nyumba alimruhusu kuweka masanduku mawili barazani. Mama huyo hana shamba la kupanda miche yake yote. Basi hupanda michache katika mifuko, na mingine huwauzia majirani wenye viwanja. Hatutasema kwamba amesahau alichokiacha. Kitalu hakirudishi shamba, na sanduku la mbao haliponyi msiba. Lakini kila asubuhi kuna kitu kinachomngoja amwagilie, na watoto wake wanajua kutofautisha jani la kwanza na jani la kweli. Siku njia ya kwao itakapokuwa salama, atarudi na mbegu katika chupa na watoto wanaojua kuzisia.

Mkipatwa na shida katika vitalu vyenu, ulizaneni na majirani. Na mlio na ujuzi, msiufiche. Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kutengeneza mboji kwa maganda ya ndizi na takataka za jikoni.

Kwa leo tuishie hapa. Kazi njema, nyumbani na shambani.